Jinsi ya Kuendesha Chaneli ya Chakula Bila Kuonja Kitu

Kwanza tukubaliane, ndugu yangu: mtazamaji hana pua. Ulimi pia hana. Ana macho mawili yaliyochoka na simu yenye kioo cha ufa, na kati yake na sufuria umekaa wewe na kompyuta yako. Chumvi imezidi? Hajui. Pweza hatafuniki? Hajui. Biriani la jana limepashwa leo? Hajui, na wewe hutamwambia. Mhariri wa filamu za chakula ana uhuru ambao mpishi hajawahi kuuota.

Wala usiogope kuumbuka, kwa sababu wakubwa wametangulia. Tarehe 1 Aprili 1957, BBC, katika kipindi chake kizito cha Panorama, ilionyesha familia moja ya Uswisi ikichuma tambi kutoka mitini na kuzianika juani. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, sauti iliyoheshimika kuliko zote kwenye televisheni ya Uingereza wakati ule. Watu wakapiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Wakajibiwa wachomeke kijiti cha tambi kwenye kopo la sosi ya nyanya, halafu waombe heri. Kama tambi inaweza kuota mtini kwa sababu picha ni nzuri na msimulizi ana sauti nzito, wewe unashindwa nini na chapati?

Ili twende sawa, tuchukulie unatengeneza filamu ya urojo wa Zanzibar. Haya, fungua kompyuta.

1. Chagua chakula kwa rangi yake

Ladha iache. Urojo ni neema tupu: njano iliyokolea binzari, juu yake chatne nyeupe ya nazi, pilipili nyekundu, bajia, kachori, chipsi za muhogo zinazometa mafuta. Hata kamera ikikuponyoka mkononi itapiga picha nzuri wakati inaanguka.

Mlenda usiuguse. Ni mboga tamu, na kwa maoni yangu ndiyo mboga iliyoonewa na kamera kuliko zote Afrika Mashariki, lakini lenzi ikiusogelea tu unaonekana kama kitu kilichozolewa mtaroni. Kisamvu nacho, hata ukiunge kwa tui zito, kwenye kioo cha simu ni giza la kijani. Wanaopika vyakula hivyo wasubiri teknolojia ikomae.

2. Weka historia, ila usitaje mwaka

Filamu isiyo na historia ni tangazo la hoteli, kwa hiyo dakika moja ya historia lazima iwepo. Sentensi yenyewe hii hapa, inakili: “Kwa karne na karne, mababu zetu wamekuwa wakipika chakula hiki.” Ishia hapo. Ukianza kutaja miaka utaleta maneno. Atatokea mtu akukumbushe kwamba mahindi, muhogo, nyanya, viazi na pilipili kali vyote asili yake ni Amerika, na hakuna hata kimoja kilichofika kwetu kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Ndani ya bakuli lako la urojo kuna viazi, kuna muhogo, kuna pilipili. Viondoe hivyo vitatu uone mababu wamebaki na nini.

Hapa pana kishawishi kikubwa, na jina lake ni Ibn Battuta. Alipita pwani hii mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, na kabla ya hapo Mogadishu, ambako aliandika alicholishwa: wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia la mbao, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Pembeni kulikuwa na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Huo ni ushahidi wa maandishi wenye umri wa karibu miaka 700, na msomaji yeyote wa pwani akiusoma analitambua sinia hilo. Ungetosha filamu nzima peke yake. Tatizo ni kwamba Ibn Battuta hana picha, na kumjua kunataka kusoma kitabu. Mpite.

Tafuta badala yake picha moja ya zamani, isogeze polepole kuelekea kwenye uso wa mtu, uweke na kinanda kwa mbali. Mbinu hii hubeba jina la Ken Burns, Mmarekani, ingawa Wakanada walikwisha kuitumia vizuri sana katika filamu ya City of Gold ya mwaka 1957. Wewe huna haja ya kumjua Burns wala Kanada. Kitufe kipo kwenye programu. Na picha si lazima iwe ya Unguja. Mlango wa nakshi, mzee mwenye kanzu, ukuta uliomenyeka: iwe Lamu, iwe Maskati, kwa sekunde sita nani atapata muda wa kutofautisha?

3. Pika kwa ajili ya lenzi

Chakula cha moto hufuka dakika chache tu, na wewe bado unatafuta betri. Lowesha pamba, ipashe kwenye maikrowevu, ifiche nyuma ya bakuli, weka taa kwa nyuma ili mvuke uonekane. Glasi ya juisi ya ukwaju inyunyizie maji yaliyochanganywa na glisirini; matone yatakaa hapo mpaka jioni bila kushuka. Nyama iliyoungua upande mmoja igeuze. Iliyoungua pande zote mbili iite ya mkaa.

Dhamiri ikikusumbua, kumbuka gololi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, matangazo ya supu ya Campbell huko Marekani yalipigwa picha huku gololi za kioo zimewekwa chini ya bakuli, ili mboga zisizame na supu ionekane imejaa vitu. Tume ya Shirikisho ya Biashara ikaingilia kati, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha. Tume ilihangaika kwa sababu supu ile ilikuwa inauzwa kwenye makopo. Wewe huuzi supu. Unauza picha ya supu, na juu ya hiyo hakuna tume. Weka gololi, kachori zielee.

Kuhusu taa, nisikilize vizuri. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu za kibandani huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Kamera huona. Ukiiacha kwenye kasi ya 1/60, kama ilivyotoka kiwandani kwa ajili ya Wamarekani, picha yako itatembewa na mistari ya giza kutoka juu hadi chini. Dawa ni kuiweka 1/50 au 1/100, kazi ya kubonyeza mara mbili. Ukisahau, usirudie. Sema ni mtindo.

4. Rekodi uso wa kuonja mara moja kwa maisha yako yote

Hii ndiyo hatua mama, kwa hiyo simamisha mengine yote.

Mnamo miaka ya 1920 Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mkavu usio na furaha wala huzuni. Akaubandika mara ya kwanza baada ya bakuli la supu, mara ya pili baada ya jeneza, mara ya tatu baada ya mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kuwa watazamaji walimsifu sana mwigizaji: tazama njaa ile, tazama msiba ule, tazama matamanio yale. Na uso ulikuwa uleule. Wanafunzi wa filamu duniani kote wanafundishwa jambo hili hadi leo, na wengi wao hawaoni kwamba bakuli la kwanza lilikuwa la chakula. Kuleshov alitugundulia chaneli yetu.

Basi fanya hivi. Vaa shati moja zuri, lisilo na maandishi. Keti karibu na dirisha saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa laini. Peleka kijiko kitupu mdomoni. Fumba macho. Hesabu moja, mbili. Fungua macho kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha tikisa kichwa polepole, ukiangalia pembeni ya kamera, kana kwamba kuna jambo la utotoni limekurudia. Usiseme kitu. Kata.

Klipu hiyo ni mtaji. Iweke baada ya urojo, mtu ataona uchachu wa embe. Iweke baada ya mkate wa kumimina, ataona iliki na tui. Iweke baada ya supu ya pweza, ataona mambo mengine ambayo si ya kuandikwa hapa. Iguse rangi kidogo kila mara ili ishabihiane na mahali, na kioo ukigeuze kushoto kulia ili isionekane imejirudia. Hapo tahadhari ni moja tu: ukigeuza kioo, kijiko huhamia mkono wa kushoto, na watu wa pwani hawatakusamehe. Wanaweza kuvumilia urojo wa uongo. Mkono wa kushoto mdomoni hapana. Basi kigeuze siku za uma tu.

Faida nyingine ni afya. Wenzako wanaoonja kweli wana vidonda vya tumbo.

5. Sauti

Watu wa redio zamani walitengeneza sauti ya mvua kwa kukaanga nyama mbele ya maikrofoni. Wewe rudisha mkopo: rekodi mvua ikipiga bati, iweke chini ya picha ya kikaango. Moto wa kuni tengeneza kwa kukunjakunja karatasi ya nailoni ya biskuti.

Kuna hila moja humu isiyo na dhambi yoyote, nakupa bure. Acha sauti ya mafuta isikike sekunde moja kabla picha ya kikaango haijatokea, wakati bado tunaangalia mtu akitembea uchochoroni. Mtazamaji ataanza kumeza mate kabla hajajua kwa nini. Inafanya kazi kila mara, na haimdanganyi mtu. Ukiiona haikufai kwa sababu hiyo, sawa.

Muziki: taarabu ina wenyewe na wenyewe wana haki zao, utaombwa ruhusa na pengine malipo. Pakua ngoma ya bure. Utakayoipata itakuwa jembe, ngoma ya Wamande wa Guinea na Mali, upande wa pili kabisa wa bara. Inapigwa kwa nguvu na inasikika kama Afrika kwa mtu asiyetoka Afrika. Ipige juu ya Forodhani, jua likizama.

6. Rangi

Chakula hupenda joto. Mwanga wa balbu ni kama Kelvini 3200, wa mchana ni 5600. Changanya vyote viwili kwenye sahani moja kisha usukume kila kitu kuelekea rangi ya chungwa mpaka binzari iwake. Wahariri wenye muda huzungushia uso wa mpishi alama, wakaulinda, ili abaki na ngozi yake. Wewe huna muda. Mama wa watu akigeuka rangi ya kachori, atakuwa amelingana na bidhaa.

Bluu na kijani viogope kama unaonyesha nyama. Mishkaki yenye kijani kidogo tu hupigiwa simu ya bwana afya.

7. Ramani na herufi

Ramani ni lazima. Inaonyesha kwamba umefanya utafiti. Chukua ile ya kawaida ya Mercator, ambamo Greenland inakaribia ukubwa wa Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Chora mstari mwekundu kutoka Maluku, visiwa vya Indonesia, mpaka Unguja, uandike “Safari ya Karafuu.” Mstari uwe mmoja, mnyoofu.

Najua kuna watakaokwambia haukunyooka. Watasema miche ya karafuu iliibwa Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa wivu, ikapelekwa Mauritius mnamo mwaka 1770 kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, na kwamba Unguja iliipata mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa. Watasema ilikolea zamani za Seyyid Said kwa jasho la watumwa, kisha kimbunga cha mwaka 1872 kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndipo ikashika usukani. Ni kweli yote. Lakini kila kituo kinaongeza nukta nyingine kwenye mchoro, kila nukta ina jina, na ukishaandika neno “watumwa” juu ya picha ya pilau, huwezi tena kuweka ile ngoma. Mstari mnyoofu una faida zake.

Herufi chagua zile nene, zenye ncha, zinazoonekana kama zimechongwa kwa shoka. Wabunifu duniani kote wanaamini ndizo herufi za Kiafrika. Mojawapo ni Neuland, iliyochongwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye nembo ya Jurassic Park. Nyingine ni Lithos, ya Carol Twombly, Mmarekani, ya mwaka 1989, aliyoitoa kwenye maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale. Mjerumani, Mgiriki na madinosaria. Andika nazo “LADHA ZA MAMA AFRIKA” uongeze mkufu wa shanga pembeni.

8. Mpishi

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wamemrekodi mama anayeuza urojo kwa muda mrefu, na mama kazungumza. Kaeleza kwa nini unga huukoroga pembeni kwanza kwa maji baridi, ili usifanye madonge. Kasema embe bichi likiadimika anatumia ndimu na ladha inabadilika vipi. Katoa bei ya mafuta ya mwaka huu na ya mwaka jana, kataja aliyemfundisha, kamrudisha mteja aliyeleta noti iliyochanika. Katika yote hayo mikono haikusimama.

Mhariri mwenye moyo dhaifu akisikia maneno yale atataka kuyaacha. Jikaze. Maelezo yana vipimo, na mtazamaji akishapata vipimo ataingia jikoni badala ya kubaki kukutazama. Bei ni mbaya zaidi, inaleta siasa. Mwachie mama sekunde nne: anacheka. Kicheko cha mama jikoni kinafaa popote, hakihitaji tafsiri.

Chini yake weka utepe wa jina. Jina lenyewe hukuliandika, na simu yake hukuichukua, kwa hiyo andika “Mwanamke wa Zanzibar.” Akiwa na bahati utaandika “Mpishi wa Asili.” Yale aliyoyaeleza yarudie wewe kwa sauti yako nzito, ukiyafupisha: “Siri iko kwenye mapenzi.”

Usimlipe. Mwambie unamtangaza.

9. Urefu na jalada

Kwenye YouTube matangazo ya katikati huruhusiwa video ikifika dakika 8. Kwa hiyo filamu yako, yenye habari za dakika mbili, itakuwa ya dakika 8 na nukta kadhaa. Pengo lijaze kwa droni. Kibali cha droni kina mlolongo wake, kwa hiyo nunua mtandaoni picha ya ufukwe iliyokwisha kupigwa na mtu mwingine. Mnazi haujiandiki jina. Wa Maldivi utapita kuwa wa Nungwi. Bado hujafika dakika 8? Punguza kasi ya chumvi inayoanguka. Chumvi kwa mwendo wa pole inaweza kumaliza dakika nzima na mtu akaona amejifunza kitu.

Picha ya jalada itengeneze kwa vipimo vya 1280 kwa 720. Weka uso wako, mdomo wazi, kidole kikionyesha bakuli ambalo umelikuza mpaka likakushinda kichwa. Mshale mwekundu uongeze, hata kama hauelekezi popote. Kona ya chini kulia usiandike kitu, maana hapo ndipo YouTube hubandika muda wa video na kufunika maneno yako. Hii nayo ni kweli tupu, na inashangaza ni wangapi hawaijui.

10. Akitokea mtu wa Mkunazini, Unguja

Atatokea. Atasema huo si urojo, kwamba rangi ile haipo, kwamba kachori hazielei, kwamba bakuli uliloonyesha mwanzo silo uliloishia nalo. Mjibu kwa adabu: “Asante sana mpendwa, kila familia ina namna yake.” Sentensi hiyo haijawahi kushindwa, kwa sababu kwa nje inaonekana unyenyekevu. Kisha mwulize akupikie, umrekodi. Akikubali, umepata sehemu ya pili, na mpishi mwingine wa bure.

Na kama hatua hizi kumi zimekuwa nyingi, na kesho unatakiwa kupakia video, chukua ile ya nne peke yake uachane na nyingine. Chaneli nyingi unazozifuata zinaishi kwa hiyo moja tu.